Rimu iliyotoka mbali: Jinsi sera za shule na viwanda zilivyopishana

Kila Januari, kwenye maduka ya vifaa vya shule kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Mwanjelwa jijini Mbeya, wazazi husimama kaunta wakiwa na fomu ya kujiunga mkononi. Muuzaji huisoma kwa sauti huku mkono wake ukipapasa rafu. Kaunta buku kwaya mbili, nane. Kalamu, pakiti moja. Mkebe. Shuka mbili. Jembe au fyekeo. Kisha hufikia kipengele ambacho ni nadra kukosekana kwenye fomu za sekondari za bweni: rimu moja ya karatasi za A4.

Rimu hiyo ina karatasi 500. Walimu wataitumia kuchapa majaribio, mazoezi na mitihani ya muhula. Mzazi akiigeuza na kusoma maandishi madogo yaliyo ubavuni, aghalabu atakuta imetengenezwa Indonesia, Afrika Kusini au India. Imevuka bahari au mipaka, imepita forodha, imepanda lori na kushushwa, ndipo ikamfikia mama huyu anayeishi katika nchi yenye maelfu kwa maelfu ya hekta za misindano huko Mufindi, mkoani Iringa, na yenye kiwanda kilichojengwa kwa kazi moja tu ya kuigeuza miti hiyo kuwa karatasi.

Mambo hayakufika hapo kwa bahati mbaya. Yalifikishwa na maamuzi ya serikali ya zaidi ya miaka 50, mengine yakitoka wizara ya elimu, mengine viwanda, mengine fedha. Karibu kila uamuzi ulikuwa na sababu ya msingi kwa wakati wake. Kilichokosekana ni wenye maamuzi hayo kukaa meza moja, na pengo hilo ndilo analoliziba mzazi pale kaunta kwa fedha zake.

Musoma, 1974

Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Mwezi mmoja baadaye Mwalimu Julius Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililotaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya nchi yake, badala ya kumwandaa kwa kazi ya ofisini peke yake. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Kisha Novemba 1974 viongozi wa chama tawala, TANU, wakakutana Musoma na kufanya uamuzi uliobadilisha sura ya vijiji: elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, sasa ifikiwe mwaka 1977.

Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974, ilikaribia milioni 3 mwaka 1978. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini na kupewa chaki. Mtaani waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na wenye ulimi mkali wakazifasiri herufi hizo kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Jina hilo liliwaonea. Mamilioni ya Watanzania waliojifunza kuandika majina yao miaka ile walishikwa mkono na mwalimu wa aina hiyo.

Lakini mtoto anayejifunza kuandika anahitaji kitu cha kuandikia. Uamuzi wa Musoma ulikuwa pia, bila kutamkwa, oda kubwa ya karatasi, na ilitolewa kwa kiwanda ambacho bado hakikuwapo. Karatasi iliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilianza kukauka. Bei ya mafuta ilipanda, bei ya kahawa ikaanguka, na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala akiba iliyobaki. Waliosoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka vichwa vya watoto vikigusana juu ya kitabu kimoja, na mwalimu akiandika somo zima ubaoni kwa sababu nakala aliyonayo ni ya kwake peke yake.

Miti ya Mufindi

Jibu lilikuwa linaota kwenye vilima vya Mufindi. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, uliopanuliwa kwa kasi miaka ya 1970, ulikusudiwa kulisha kiwanda kikubwa cha karatasi. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, kiwanda hicho kikajengwa Mgololo chini ya kampuni ya umma ya Southern Paper Mills, na mwaka 1985 uzalishaji ukaanza. Uwezo wake ulikuwa tani 60,000 kwa mwaka.

Kazi ya kiwanda cha namna hiyo ni ya kustaajabisha kwa anayeiona kwa mara ya kwanza. Gogo la msindano linamenywa gome, linakatwakatwa vipande vidogo, linapikwa kwa kemikali ndani ya pipa la chuma refu kama jengo la ghorofa, hadi linakuwa uji mzito wa nyuzi. Uji huo unamwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yanachuruzika, na utando unaobaki unapita kwenye magurudumu ya moto moja baada ya jingine. Upande wa pili wa mtambo karatasi inatoka kavu, ikijiviringisha kuwa roli kubwa kuliko tangi la maji la nyumbani.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Tani 60,000 zilizidi mahitaji ya Tanzania ya wakati huo, hivyo kiwanda kilihesabu kuuza ziada nje, kwenye soko lenye washindani wa miaka mingi. Mikopo ilikuwa ya fedha za kigeni, ilhali mteja wa nyumbani alilipa kwa shilingi. Mwaka 1986, mwaka mmoja tu baada ya mitambo kuwashwa, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza uchumi na kushusha thamani ya shilingi. Dola moja iliyouzwa kwa takriban Sh17 mwishoni mwa 1985 ilifika Sh50 mwishoni mwa 1986, na mwaka 1990 ilikuwa ikikaribia Sh200. Deni lililopimwa kwa dola likawa mlima bila kiwanda kukopa hata senti ya ziada.

Wakati huohuo mageuzi hayohayo yaligusa upande wa shule. Sera ya kuchangia gharama ilirudisha michango na ada. Uandikishaji wa shule za msingi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekaribia watoto wote, ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Kiwanda kilichozaliwa katika nchi yenye njaa ya karatasi kilikua wakati mteja wake wa karibu kabisa, mtoto wa shule, alikuwa akirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango.

Katika miaka hiyo ya 1990 mitambo ya Mgololo ilisimama. Mwaka 2004 serikali ilikiuza kiwanda kwa wawekezaji wa Rai Group kutoka Kenya, na leo kinajulikana kama Mufindi Paper Mills. Kinafanya kazi na kimeajiri watu, jambo ambalo Mufindi inalishukuru. Bidhaa yake kuu, hata hivyo, ni karatasi nzito za kahawia za mifuko na vifungashio. Mwekezaji alitafuta soko lililo na uhakika, naye hawezi kulaumiwa kwa hilo. Karatasi nyeupe ya kuandikia ikabaki kuwa mzigo wa meli.

Webuye nayo

Anayedhani hayo ni ya Tanzania peke yake avuke mpaka hadi magharibi mwa Kenya. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kuzalisha Webuye mwaka 1974, kikiwa ubia wa serikali ya Kenya, wawekezaji kutoka India na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika sekta binafsi. Mji mzima ulikua kukizunguka. Mwaka 2009 kikafungwa, na mitaa iliyokuwa imejaa wapangaji ikapoa. Mwaka 2016 kikanunuliwa na Rai Group, kundi lilelile la Mgololo. Mwaka 2018 malighafi ya magogo nayo ikaguswa: serikali ya Kenya ikapiga marufuku uvunaji wa miti katika misitu ya umma, hatua iliyolenga kulinda vyanzo vya maji na iliyodumu hadi mwaka 2023.

Kabla ya kiwanda hicho kufungwa, mahitaji ya shule za Kenya yalikuwa yakipanda. Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta ada ya shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakamiminika madarasani. Kiwanda cha karatasi kilichokuwa ndani ya nchi hiyohiyo kilifungwa miaka sita baadaye.

Kitabu nacho kina kiwanda chake

Karatasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kile kinachochapwa juu yake, na huko ndiko sera ya shule inakogusa ajira moja kwa moja.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitabu vya kiada Tanzania vilikuwa kazi ya serikali na mashirika yake, kuanzia kuandikwa, kuchapishwa hadi kusambazwa na Tanzania Elimu Supplies. Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa kwa wachapishaji binafsi. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota. Wengine wakafuata. Kwa msaada wa Sweden, mradi wa majaribio ulioanza mwaka 1993 uliwapa wachapishaji wa ndani nafasi ya kujifunza kuandaa vitabu vya shule kwa ushindani. Kamati ya kuidhinisha vifaa vya elimu, iliyojulikana kwa kifupi kama EMAC, ikawa inavipitia na kuvipa ithibati.

Kisha ikaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002. Ada na michango ya lazima vilifutwa tena. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000 walifika milioni 7.5 mwaka 2005. Mpango huo uliahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mtoto kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Kwa mchapishaji, sera hiyo ilikuwa kama mvua ya masika. Waandishi, wahariri, wachoraji na wapanga kurasa walipata kazi, na maduka ya vitabu ya mikoani yakapata wateja.

Ipo hata sura ya rada. Kampuni ya Uingereza ya BAE Systems ilipolazimika kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5 kutokana na biashara ya kuiuzia rada, iliyoighadhabisha nchi, serikali iliamua fedha hizo zinunue vitabu na madawati ya shule za msingi. Malipo yalifika mwaka 2012. Wananchi waliyaita chenji ya rada, na vitabu vilivyonunuliwa kwa fedha hizo vilifika kwenye shule ambazo zilikuwa zimesubiri nakala kwa miaka.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mwanzoni mwa 2013 mbunge James Mbatia alipeleka bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, akionyesha makosa katika vitabu vilivyokuwa vimepata ithibati. Hasira ilikuwa ya haki. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe akariri kosa. EMAC ikavunjwa. Kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikasimika msimamo wa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo nchi nzima.

Uamuzi huo una faida zinazoonekana. Mtoto wa Namtumbo na wa Kinondoni wanasoma ukurasa mmoja, mtihani wa taifa hautungwi kutoka kitabu ambacho nusu ya nchi haijakiona, na uchapaji wa nakala nyingi kwa mkupuo hupunguza gharama ya kila moja. Lakini wachapishaji waliokuwa wamewekeza kwa miaka 20, baadhi kwa mikopo ya benki, waliamka na soko lao kuu limekwisha. Na kosa halikukubali kufutwa kwa waraka. Mwaka 2017 vitabu vipya vya Taasisi navyo vilikutwa na makosa, vikajadiliwa bungeni, na waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akalazimika kuchukua hatua. Kitabu kinapokuwa kimoja, kosa lake linaingia kila darasa siku moja.

Kodi nayo ina sauti. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitabu kilichokwisha kuchapwa nje kinaingia bila ushuru wa forodha, ilhali malighafi nyingi za kukichapa hapa, zikiwemo wino na aina kadhaa za karatasi, hutozwa. Nia ya msamaha huo ni njema: kitabu kimfikie msomaji kwa bei nafuu. Matokeo yake kwa mwenye mtambo wa uchapaji kwenye barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam ni kwamba anashindana na mchapaji wa Asia akiwa na mzigo mgongoni ambao mwenzake hana.

Dawati lilifanikiwa

Inawezekana sera ya shule ikalisha kiwanda. Tanzania yenyewe imewahi kuionyesha dunia.

Januari 2016 elimu bila malipo ilianza hadi kidato cha nne. Uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda kutoka takriban milioni 1.4 mwaka 2015 hadi karibu milioni 2. Watoto walikaa sakafuni. Rais John Magufuli akatoa agizo: hadi Juni 30 mwaka huo tatizo la madawati liwe limekwisha. Bunge likatoa Sh6 bilioni lilizobana kwenye matumizi yake. Wakuu wa mikoa, mabenki, makampuni, taasisi za dini na wanajeshi wakaingia kazini. Mafundi seremala wa mitaani, ambao kawaida huuza kitanda kimoja kimoja, walipata oda za mamia ya madawati. Mbao zilitoka kwenye misitu ya hapa, misumari ikapigwa na mikono ya hapa, na ujira ukabaki mtaani.

Mwishoni mwa 2021 yakafuata madarasa. Kutokana na mkopo wa Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na athari za Uviko-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa wakati mmoja katika halmashauri zote. Saruji, nondo na mabati viliagizwa kila wilaya, na mafundi uashi wakafanya kazi usiku kwa taa za jenereta ili Januari isiwakute.

Madawati na madarasa yalifanikiwa kwa sababu oda ilikuwa wazi, idadi ilijulikana, fedha zilionekana, na fundi alikuwapo karibu. Karatasi na kitabu havijawahi kupewa nafasi hiyo. Mitaala ya shule za msingi na sekondari ilibadilishwa mwaka 2005, ya darasa la kwanza na la pili ikaguswa tena mwaka 2015, na mingine mipya imeanza 2024. Kila badiliko huacha maghala yenye vitabu vilivyopitwa na wakati, na huleta haraka ya kuchapa vipya ambayo mchapaji wa ndani, asiyepewa taarifa mapema, hawezi kuimudu.

Mtihani wa 2027

Sera ya elimu toleo la 2023 ni nafasi mpya, na ni kubwa. Inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na inafungua mkondo wa amali katika sekondari, ambako kijana anasoma kilimo, ushonaji, uashi au umeme pamoja na masomo ya kawaida. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo huo waliingia kidato cha kwanza Januari 2024.

Amali haifundishiki kwa ubao peke yake. Karakana isiyo na mashine hubaki darasa lenye jina zuri, na mwanafunzi wa ufundi asiyewahi kukanyaga kiwandani ataishia kuukariri ufundi. Sera hii basi inategemea viwanda kuliko nyingine yoyote tangu Elimu ya Kujitegemea: viwapokee wanafunzi kwa mafunzo, viwauzie shule vifaa, na mwishowe viwaajiri. Kiwanda kinachoitwa kutoa msaada kina haki ya kusikilizwa mapema, na wizara zinazosimamia elimu, viwanda na fedha zina wajibu wa kumpa mwenye mtambo hesabu ya miaka mitano badala ya zabuni ya miezi miwili.

Hesabu hiyo ipo tayari. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo waliowatangulia, ambao bado wako kwenye utaratibu wa zamani, watamaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Watahitaji vyumba, viti, vitabu vya kila somo, kaunta buku na rimu kwa idadi ambayo nchi haijawahi kuinunua katika Januari moja.

Watoto hao hawajifichi. Majina yao yako kwenye rejista za shule, mtaa kwa mtaa, kijiji kwa kijiji. Misindano ya kutosha imesimama Mufindi, mitambo ya Mgololo inanguruma, na wachapishaji waliobaki bado wana wahariri na mashine. Kilichosalia kuandikwa ni oda moja, yenye saini za wizara tatu, itakayotoka kabla ya meli ya kwanza kupakiwa.